Mti wa Noeli na Jina la Mkwe

Mama yangu hakuwa mtu wa makatazo mengi, lakini moja alilishika kwa mikono miwili: siku utakayompenda binti wa watu, majina ya wazazi wake yamekufa kinywani mwako. Hutayataja barabarani wala ndotoni. Ukiwaita, utasema Baba, utasema Mama. Ukiwazungumzia, utatafuta njia ya kuzunguka. Mama alisema mwanaume anayevunja heshima hiyo ya ukwe hupata mikono ya kutetemeka kabla hajazeeka. Mimi nilikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha shaba. Mikono ya kutetemeka sikuihitaji.

Naanza na hilo kwa sababu bila hilo hutaelewa kwa nini mtu mzima, mwenye akili zake na kazi yake, alishindwa kupata kibali cha kukata mti mmoja tu wa Noeli.

Binti mwenyewe alikuwa mpiga chapa mjini, na tulijuana kwenye kwaya ya parokia. Yeye aliimba vizuri. Mimi niliimba vibaya, na kila nilipokosea aligeuka kunitazama bila huruma hata kidogo, hivyo nikawa nakosea zaidi ya ilivyohitajika. Nilikuwa nakaa mtaa wa Katuba kwa kaka yangu. Wao walikaa mtaa wa Makomeno, katika nyumba ya kampuni yenye veranda na maua, kwa maana baba yake alikuwa msimamizi wa karakana. Watu watatu walikuwa wameshakwenda pale kuposa, na wote watatu walirudi na soda tumboni na hakuna kingine. Mimi nilikuwa wa nne. Binti aliniambia wazi kwamba nikikataliwa yamekwisha, maana yeye si wa kutoroshwa. Kwa hiyo nilikuwa na nafasi moja, na nafasi hiyo niliiona mikononi mwa baba yake.

Kosa langu lilianzia hapo. Kwetu sisi Waluba, mtoto ni wa baba, na ukimpata baba umeipata nyumba nzima. Kwa watu wa kwao binti, wenyeji wa ardhi hii hii mji ulipojengwa, mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye neno la mwisho ni mjomba. Nilikuwa nimelisikia jambo hilo, ila lilipita sikioni kama habari za hali ya hewa ya nchi nyingine.

Jumapili moja mwanzoni mwa Desemba yule mzee aliniita verandani. Alikuwa mtu wa karatasi, mtu wa utaratibu. Redio ikipiga wimbo wa taifa alisimama hata kama kijiko kilikuwa njiani kwenda mdomoni, kisha akatutazama mmoja mmoja kuona nani amekawia.

"Kama unapenda kuingia mu hii nyumba sawa muntu," akasema, "utaniletea sapin ya Noel. Ya kweli. Na permis yake, na kashe ya Leta juu. Bibi usimuambie, mutoto usimuambie."

Leta ni Serikali, kashe ni muhuri wake, na miaka ile Serikali ilikuwa imeiondoa Noeli kwenye sikukuu zake. Siku yenyewe tulikwenda kazini kama siku nyingine na misa tukaisali jioni. Hakuna aliyekukataza kusherehekea nyumbani kwako, lakini miti ya Noeli ilikuwa imekoma kuonekana madukani, na watu wengi walivunja tu tawi la uzio wa mapadri, wakalisimamisha kwenye ndoo ya mchanga na kulivika pamba. Yule mzee hakutaka tawi la wizi. Alitaka msonobari wa Serikali, kutoka msitu wa Serikali nje ya mji, kwa ruhusa ya Serikali, ili kusherehekea sikukuu ambayo Serikali haikuitambua. Nikakubali papo hapo. Kama angeniomba treni ningekubali pia.

Siku yangu ya mapumziko nikaenda ofisi ya misitu, nimevaa shati safi. Mbele yangu walikuwa wachoma makaa na maseremala, kila mtu na shida yake inayoeleweka. Mkuu wa vibali alikuwa mtu mfupi, mkavu, abakosti yake, lile koti rasmi la miaka ile, imefungwa vifungo mpaka kooni ingawa joto la kabla ya mvua lilikuwa linatukaanga sote.

"Citoyen, unatafuta nini?" Citoyen ni mwananchi; ndivyo tulivyotakiwa kuitana miaka ile.

"Permis ya kukata muti. Moja tu. Sapin."

"Ya kujenga?"

"Hapana."

"Ya kuchoma makala?"

"Hapana, citoyen. Ya Noel."

Akaweka kalamu chini. Foleni yote nyuma yangu ikanyamaza ili isikie vizuri.

"Noel," akasema, kama mtu anayemkumbuka jirani aliyehama zamani. "Mu kalendari yangu ile siku bantu banatumika."

"Na miye nitatumika. Lakini mangaribi nikitoka ku kazi, napenda nione muti."

Mchoma makaa mmoja akacheka. Mkuu hakucheka, ila hakunifukuza pia. Akanipa karatasi niandike sababu. Nikaandika Noeli, akasema hiyo si sababu. Nikaandika mapambo ya nyumba; akauliza kama msitu wa taifa ni duka la mapambo. Nikaandika furaha ya familia. Hapo alikaa akiitazama karatasi, akaguna, akasema furaha haijakatazwa, na akachovya muhuri kwenye wino. Nilishaanza kuuona mti ule umesimama verandani Makomeno.

"Muzuri. Muti inaenda kwa nani? Jina ya mwenye nyumba."

Nikafumba mdomo.

"Jina, citoyen."

"Siwezi kuitaja."

"Juu ya nini? Iko mwizi?"

"Iko mukwe yangu."

Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani. "Ulishatosha mali?"

Alikuwa anaulizia mahari. Nikasema bado.

"Basi haiko mukwe. Iko muntu tu. Taja."

"Kwangu ilishakuwa mukwe, tangu siku nilimuona mutoto yake."

"Andika basi, kama kinywa inaogopa."

"Kuandika ni kutaja na mukono."

Muhuri ulikuwa bado hewani. Akaurudisha kwenye kibweta chake, taratibu, na kumwita seremala aliyekuwa nyuma yangu. Kanuni ni kanuni: mbao za Serikali haziondoki msituni bila kujulikana zinakwenda kwa nani. Nilitoka nje nikiwa na hasira, hasa kwa sababu kanuni yenyewe ilikuwa na maana.

Utaniuliza kwa nini sikumwomba mtu mwingine alitaje lile jina. Niliwaza hivyo hivyo. Binti sikuweza kumwomba, baba yake alikuwa ameniziba mdomo. Lakini jirani yetu pale Katuba alikuwa mshonaji mzee, Mwislamu wa familia iliyotoka Maniema, mtu wa kanzu na kofia, na suruali za yule mkwe zilishonwa na yeye. Siku ya pili ya mapumziko nikamtoa kwenye cherehani yake, naye akakubali kwa moyo mweupe. Tulikuwa tumeshavuka reli nilipoona tatizo: ningemfundishaje jina bila kulitaja?

"Mzee, jina ya ule muntu unaiyua?"

"Ule wa patalo ya kijivu?"

"Njo yeye."

"Kiuno kubwa, miguu mifupi," akasema mzee kwa furaha. "Jina? Miye namuyitaka Kijivu."

Nilifikiri kurudi. Lakini tulikuwa tumeshafika mbali na mzee alikuwa amevaa kanzu yake nzuri, basi tukaendelea. Pale ofisini mkuu wa vibali alimtazama mzee, akatazama kofia yake, akanitazama mimi.

"Mzee, na weye unatafuta Noel?"

"Hapana, mwanangu. Noel ni yake. Miye namusindikiza tu jirani."

Jibu hilo lilimpendeza yule mtu mpaka akampa mzee kiti chake mwenyewe. Lakini jina Kijivu alikataa kuliandika. Kijivu, alisema, ni rangi. "Basi nielezee," akaniambia. "Iko muntu gani? Pengine miye namuyua, nitaandika miye mwenyewe."

Sasa nikwambie jambo ambalo mimi nililijua baadaye sana, ili ucheke pale nilipopaswa kulia. Yule mkuu wa vibali alikuwa kaka wa mama yake binti, tumbo moja. Ndiye mjomba. Ndiye aliyewarudisha wale watatu. Na yule mwenye nyumba ambaye nilikuwa nakaribia kumweleza alikuwa shemeji yake, mtani wake tangu ujana.

Nikaeleza. Anayenifahamu anajua kwamba nikianza kueleza mtu, breki sina. Nikasema ana kichwa kisicho na unywele hata mmoja, na anakipaka mafuta ya mawese mpaka nzi wanateleza. Nikasema wimbo wa taifa ukipigwa anasimama na mchuzi ukiwa bado kwenye kidevu. Nikasema anatunza risiti ya kuku aliyeliwa mwaka juzi, na kwamba nyama ikiiva anakwenda mwenyewe jikoni kuisalimia chunguni, kipande kwa kipande. Mkuu alikuwa ametoa leso na kujifunika mdomo. Nilidhani ana kikohozi.

"Na bibi yake?" akauliza alipoweza.

Sauti yangu ikabadilika yenyewe. Nikasema mama yule simjui sana, kwa maana nampisha njia kama inavyotakiwa, lakini siku moja mvua ilinikuta getini kwao, naye akamtuma mtoto aniletee taulo na chai, halafu akanisalimia akiwa nyuma ya mlango. Nikasema mtu wa namna hiyo ukimkosa kama mkwe umekosa mengi.

"Na mutoto mwenyewe?"

"Citoyen, miye naimbaka vibaya. Yeye anayua. Na kila dimanche mu kwaya anakuya kusimama karibu na miye." Nikaiegemea meza yake. "Nikikosa hii muti, nakosa yeye. Njo vile tu."

Mkuu akaikunja leso yake. Mshonaji alikuwa anatazama sakafu. Nafikiri hapo kibali kilikuwa tayari mkononi mwangu, na ningenyamaza tu ningeondoka nacho.

"Ule mutoto," akauliza kwa upole, "iko wa nani?"

"Wa baba yake. Wa nani mwingine?"

"Kuko bantu banasemaka mutoto iko wa ndugu ya mama."

"Bantu banasemaka mambo mingi," nikajibu. "Kwa muntu mwenye akili, mutoto iko wa baba."

Mzee alinivuta shati, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mkuu wa vibali akasimama, akafunga kifungo cha kooni ambacho kilikuwa kimefungwa tayari.

"Bila jina, hakuna permis."

"Basi bakia na miti yako," nikasema, na nikatoka, mzee nyuma yangu akiomba samahani kwa kila aliyekuwa kwenye foleni.

Njiani mzee hakunilaumu. Alisema tu kwamba mtu aliyeuliza swali kwa upole namna ile alikuwa na sababu ya kuuliza. Sikumsikiliza. Nilikuwa nimewaka, na hasira yangu ikiwaka inaniweka joto siku mbili tatu, halafu inazima na kuniacha na baridi. Baridi ilipofika nikajaribu kuwa na akili. Jina ni jina tu, nikajiambia. Rudi, litaje, chukua mti. Nikiwa peke yangu kiwandani, juu ya ngazi, mbele ya nyaya, nikafungua mdomo kulijaribu. Halikutoka. Si kwa sababu ya mikono, ingawa niliitazama. Niliona kwamba nikilitaja kwa ajili ya kibali, basi yule binti nimemfanya mtu wa kubadilishana na muhuri, na mimi sikutaka kumpata hivyo. Sikurudi.

Mkesha wa Noeli nilitoka kazini nikaenda moja kwa moja Makomeno, mvua ikinyesha, mikono mitupu. Nilitaka kusema mwenyewe kabla hajauliza. Mzee wa nyumba alikuwa verandani. Binti akaniletea kiti, akaona uso wangu, akaingia ndani bila kuuliza chochote. Nikabaki nimesimama.

"Baba, sikupata. Balitaka jina yako, na jina yako siwezi kuitaja. Njo nilikuya kuaga."

Nilisema kuaga kwa sababu niliamini ni kuaga. Mzee alijikuna kichwa chake kile kinachong'aa na kuangalia getini. Sikujua anangoja nini.

Kisha baiskeli ikaingia uani. Aliyeiendesha alikuwa amefunika mabega kwa nailoni, na nyuma yake, umefungwa kwa mpira, ulikuwa msonobari mzima, mbichi, unaovuja maji. Mama mwenye nyumba akatoka jikoni mbio kuliko nilivyowahi kumwona, akapiga goti, akapiga makofi ya heshima na kumwita kaka. Yule mtu akavua nailoni. Abakosti ilikuwa imefungwa mpaka kooni.

Nilikumbuka kila neno, kuanzia nzi wanaoteleza mpaka yale ya mtu mwenye akili.

Mzee wa nyumba aliuliza kwanza lililomhusu. "Permis iko?"

"Iko. Jina yako niliandika miye mwenyewe." Mjomba akausimamisha mti dhidi ya nguzo ya veranda. "Shemeji, kuko muntu alikuya ku biro kwangu kutafuta muti ya muntu fulani. Jina alikatala kutaja. Lakini akasema ule muntu iko na kichwa yenye nzi banatelezaka. Akasema anatunzaka risiti ya kuku. Akasema anaendaka kusalimia nyama mu chungu. Nikasema, kumbe ni kwa dada yangu."

Kule ndani ya nyumba mtu alicheka, na nilikijua kicheko hicho. Mama alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakimtikisika. Mzee alijipangusa kichwa, heshima yake ikipigana na jambo lingine, na jambo lingine likashinda.

"Ya kuku iko uongo," akasema. "Ilikuwa bata."

Kisha akanigeukia, na hakuwa anacheka tena. "Ulifikiri nilikutuma kutafuta muti? Miye mutoto haiko wangu wa kutoa. Bale batatu nilibaleta mbele ya shemeji na maneno tamu, akabafukuza bote. Weye nilikutuma peke yako, akuone bila mavazi ya kuposa."

Basi aliniona. Aliniona vizuri kuliko wote. Mjomba akaja akasimama mbele yangu, mfupi, akinitazama kutoka chini, na mvua ikatupa nafasi ya kusikilizana.

"Uliniambia mutoto iko wa baba."

"Nilisema vile."

"Unasema vile na leo?"

Nikainamisha macho.

"Sawa. Nitakuuliza kitu kingine, kidogo. Miye njo nani? Jina yangu?"

Jina lake nililijua sana. Lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa ofisi yake, na nilikuwa nimelitaja Katuba nzima na kiwandani, pamoja na matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Yeye hakuwa baba yake binti. Kwa hesabu ya kwetu alikuwa mtu wa kawaida tu, na mtu wa kawaida akikuuliza jina lake ukakaa kimya, umemdharau. Binti alikuwa amekuja kusimama mlangoni. Sikumtazama, lakini nilijua yuko pale, kama nilivyojua kila Jumapili.

Mjomba akarudia swali, kwa ile sauti ya ofisini. "Jina, citoyen."

Nikapiga goti kwenye maji ya veranda, nikapiga makofi ya heshima, polepole, na mdomo nikaufunga.

Alingoja mpaka akaridhika kwamba sitasema. Ndipo akamgeukia dada yake. "Mama, utafute nguo kavu ya kumupa mukwe wetu," akasema.

Mti huo ulikuwa umepinda, na pamba haikutosha kuuvika. Mahari tuliyazungumza Januari, mjomba ameketi katikati na mzee wa nyumba pembeni, akiandika kila kitu. Watoto wetu wamekuwa watu wazima sasa, na huwa wananiuliza mjomba wa mama yao, yule mfupi wa misitu, jina lake lilikuwa nani. Nawaambia wakamuulize mama yao.